Kabla ya Kugeuka: Isiolo na Suala la Utiifu



Shuleni tunawafundisha wanafunzi kitenzi cha Kiingereza, turn against, na tunawaambia maana yake ni kumgeuka mtu. Maana hiyo ni sahihi. Ila kitenzi hicho kina sharti ambalo kamusi hulipita haraka: anayegeuka lazima awe alikuwa upande wako. Mtu asiyewahi kukuahidi chochote anaweza kukuchukia, kukuibia, hata kukuua, lakini hawezi kukugeuka. Rafiki anaweza. Ndugu wa tumbo moja anaweza. Na serikali nayo inaweza kuwageuka raia wake, jambo tunalolisahau kwa sababu tumezoea kulitazama suala hili kutoka upande mmoja tu. Watu wa Isiolo wamebeba tuhuma ya kuigeuka Kenya kwa zaidi ya miaka 60. Jioni hii naomba tuulize kama lile sharti lilitimizwa. Je, kulikuwa na mkataba gani kati ya Kenya na watu hawa kabla ya kuambiwa kwamba wameuvunja?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoiruhusu kulifunga eneo lolote na kumzuia mtu kuingia bila kibali. Eneo la Mpaka wa Kaskazini, ambalo wazee bado wanaliita NFD, lilifungwa kwa sheria hiyo. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalumu, iliyowapa maofisa nguvu ya kuwawekea wafugaji mipaka ya malisho na kuwaadhibu kwa pamoja kama kabila. Mborana, Msakuye, Msomali au Mgabra hakuweza kuvuka kwenda kusini bila pasi, na mtu wa kusini hakuweza kuja huku bila pasi. Mji huu, uliokuwa makao makuu ya NFD, ndio uliokuwa na kizuizi. Wengi wenu mnakikumbuka hata baada ya uhuru: gari linasimama, abiria wanashuka, majina yanaandikwa. Ndiyo maana hadi leo kuna mzee akipanda basi kwenda Nairobi atakuambia anaenda Kenya. Msimcheke. Hiyo ni jiografia aliyofundishwa na serikali yenyewe.

Ndani ya uzio huo watu walihamishwa walivyotaka wakubwa. Waborana wa Waso walisogezwa kutoka upande wa Wajir na kuletwa kandokando ya Ewaso Nyiro miaka ya 1930, wakatengwa na ndugu zao wa Marsabit na Moyale. Wasomali wa Isaaq na Harti, wengi wao askari waliopigania Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, walipewa mahali pa kukaa hapa Isiolo, na kila baada ya miaka michache wakakumbushwa kwamba mahali hapo si pao. Kodi ililipwa. Mifugo iliuzwa kwa bei iliyopangwa na wengine. Shule zilikuwa chache mno. Vyama vya siasa vilipigwa marufuku huku muda mrefu baada ya Nairobi na Kisumu kuwa navyo. Nawaomba mlishike hili, kwa sababu ndilo msingi wa yote nitakayosema: kwa miaka 60 mtu wa NFD alijengwa kisheria kuwa mtu wa nje.

Kisha, mwaka 1962, wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kenya pale Lancaster House, London, Uingereza ikaamua kumuuliza mtu huyo wa NFD anataka nini. Ilitumwa tume ya watu wawili, Onyiuke, mwanasheria kutoka Nigeria, na Meja Jenerali Bogert wa Kanada. Walizunguka kaskazini mwishoni mwa mwaka huo, wakasikiliza wazee chini ya miti, wakaandika ripoti. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya eneo, hasa kwa Wasomali, ilitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Wengine walitaka kubaki Kenya. Hapa Isiolo maoni yalichanganyika, kama watu wenyewe walivyochanganyika. Waislamu wengi, Waborana wakiwemo, walielekea Somalia. Wengine, pamoja na Waborana wengi wa Marsabit na Moyale, walikataa.

Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, akatangaza uamuzi. Eneo halitajitenga. Litaundwa jimbo la saba, la Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo. Isiolo haikuwekwa hata katika jimbo hilo jipya. Ilitiwa Jimbo la Mashariki pamoja na Marsabit na Moyale.

Sitaki kudai kwamba mipaka ilipaswa kuvunjwa. Bara zima lilikuwa linajifunza, kwa maumivu ya jimbo la Katanga lililojaribu kujitenga na Kongo, kwamba ukianza kukata ramani hujui utaishia wapi, na mwaka 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kuiheshimu mipaka iliyorithiwa. Inawezekana uamuzi ulikuwa sahihi. Ninachosema ni kingine: watu waliulizwa, wakajibu, jibu likawekwa kando, na baada ya hapo jibu lenyewe likatumiwa kama ushahidi kwamba ni wasaliti. Mtu aliyeambiwa aseme ukweli hawezi kuhesabiwa mkosaji kwa kuusema.

Sasa nije kwa wale waliochagua Kenya kwa moyo wao wote, maana hadithi yao ndiyo inayoniuma zaidi.

Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mkuu wa Wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo. Haji Galma Dida alikuwa chifu mkubwa wa Waborana, mtu aliyesikilizwa kuanzia Moyale hadi Garba Tulla. Wote wawili waliamini kwamba watu wa kaskazini wangepata haki ndani ya Kenya. Tarehe 28 Juni 1963, wiki nne hivi baada ya Kenya kupata Madaraka, yaani kujitawala kwa ndani, walikuwa ziarani upande wa Modogashe. Wakapigwa risasi na kuuawa. Wauaji wakakimbilia Somalia. Nairobi ikaupa mtaa mmoja wa katikati ya jiji jina la Wabera, na maelfu ya watu wanapita hapo wakienda kununua simu na viatu bila kujua alikuwa nani. Haji Galma hana mtaa Nairobi.

Hebu fikirini maana ya vifo hivyo. Wabera na Haji Galma walifanya jambo gumu kuliko kupigana: waliweka maisha yao rehani kwa ajili ya ahadi ambayo serikali ya Kenya ilikuwa bado haijaisaini. Walikuwa ndio mkataba wenyewe, uliotembea kwa miguu miwili miwili. Kama kuna deni la utiifu kati ya Kenya na Isiolo, basi lilianza na damu ya watu hao wawili, na mdaiwa ni Kenya.

Deni hilo lililipwaje? Tarehe 25 Desemba 1963, siku 13 baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Jimbo la Kaskazini Mashariki, na baadaye masharti yake yakaenezwa hadi Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Vita vya shifta vilikuwa vimeanza. Shifta, neno lililotoka Ethiopia kwa maana ya jambazi wa porini, likawa jina la kila mtu mwenye ngamia. Wapiganaji walikuwepo kweli. Walikuwa na bunduki na mabomu ya ardhini kutoka upande wa pili wa mpaka, walishambulia vituo vya polisi, waliwaua maafisa na raia, walipora wafugaji wenzao waliokataa kuwaunga mkono. Familia nyingi za Isiolo ziliumizwa na shifta kabla ya kuumizwa na jeshi. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani nimewafanya wapiganaji hao mashujaa.

Lakini serikali haikushughulika na wapiganaji tu. Mwaka 1966 ilianza mpango wa vijiji. Watu walikusanywa Garba Tulla, Merti, Modogashe na kwingineko, wakazungushiwa uzio, mifugo yao ikatakiwa kukaa karibu na kambi. Aliyekutwa nje ya eneo lililoruhusiwa alihesabiwa adui. Mpango huu ulitoka moja kwa moja katika daftari la Waingereza, waliowafungia Wakikuyu vijijini miaka ya 1950. Sasa uliongozwa na serikali ya watu waliokuwa wamefungiwa au kufungwa, akiwemo Rais Jomo Kenyatta aliyekaa kifungoni Lokitaung na kizuizini Lodwar na Maralal, siku kadhaa za mwendo wa ngamia kutoka hapa tulipo.

Wafugaji mnajua ngamia anahitaji nini. Anatembea mbali kutafuta miti na mimea ya chumvi, na hukaa siku nyingi bila maji kwa sababu amezunguka malisho mapana. Ukimfunga pamoja na wenzake elfu karibu na kisima kimoja, malisho yanakwisha kwa wiki chache, magonjwa yanaenea, wanakufa wakiwa wamesimama. Ndivyo ilivyokuwa. Wengine walipigwa risasi na wanajeshi, wengine walichukuliwa. Wasakuye, ambao maisha yao yote yalikuwa ngamia, walitoka vitani wakiwa hawana kitu. Waborana wa Waso walipoteza karibu ngamia wao wote, na mbuzi na kondoo kwa wingi usiohesabika. Waborana wanakiita kipindi hicho gaafa daaba, wakati wa kusimamishwa.

Na waliosimamishwa ni nani? Wote. Mzee aliyepeleka habari za shifta kwa chifu alikuwa ndani ya uzio. Jamaa za Haji Galma waliendelea kuishi miongoni mwa watu walioitwa adui. Aliyepiga kelele akitaka Somalia na aliyesimama mbele ya tume akisema anataka Kenya walikula posho moja kutoka gunia moja. Hapo ndipo kugeuka kulipotokea kweli. Serikali ilimwambia mtu aliyekuwa upande wake: utiifu wako hauna maana kwangu, nitakuhesabu kwa uso wako na dini yako na mifugo yako.

Kwa Waborana kuna desturi inayoitwa buusaa gonofaa. Mtu wa ukoo akipoteza mifugo yake kwa ukame, vita au wizi, ukoo hukaa, hupima hasara, na kila mwenye nacho hutoa mnyama ili ndugu aanze tena. Kuna pia dabare, ng'ombe wa kukopeshwa kwa maziwa, ambaye anabaki wa mwenyewe lakini watoto wa jirani wanakunywa. Nimesoma maandishi mengi ya falsafa kuhusu uzalendo, na sijapata maelezo bora ya utiifu kuliko haya. Hapa utiifu haudaiwi kwa hotuba wala kwa wimbo. Unatolewa kwanza na mwenye nguvu, kwa kitu chenye uhai, wakati mwenzake amelala chini, na ndipo unapata haki ya kumdai kesho. Ukoo usiotoa buusaa gonofaa ukilalamika kwamba watu wake wameondoka, wazee watauuliza swali moja: mlimpa nini? Baada ya vita hata desturi hiyo ilivunjika, kwa sababu mwenye kutoa naye hakuwa na kitu. Watu waliopewa mashamba ya umwagiliaji pale Malka Daka miaka ya 1970 wengi wao walikuwa wafugaji ambao ukoo haukuwa tena na mnyama wa kuwapa.

Wakati huohuo, huko kusini, Kenya ilikuwa inajadili utiifu kwa namna tofauti kabisa. Novemba 1964 chama cha KADU kilijivunja, na viongozi wake, Ronald Ngala na Daniel arap Moi wakiwa mbele, wakavuka kwenda chama tawala, KANU. Waliacha sera ya majimbo waliyoipigania Lancaster House na wapiga kura waliowachagua kwa sera hiyo. Hatua hiyo ilisifiwa kama umoja wa kitaifa. Moi akafika hadi Ikulu.

Mwaka 1966 upepo ulivuma upande wa pili. Mkutano wa KANU wa Limuru, mwezi Machi, ulimpunguza nguvu Jaramogi Oginga Odinga kwa kugawa cheo chake cha makamu wa chama kwa watu wanane. Aprili akajiuzulu umakamu wa Rais, akaunda chama cha KPU, na wabunge kadhaa akiwemo Bildad Kaggia wakamfuata. Ndani ya mwezi huohuo Bunge lilibadilisha Katiba: mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni, lazima arudi kwa wapiga kura. Juni uchaguzi mdogo ukafanyika. KPU ilipata viti 9 tu, KANU ikachukua vilivyobaki. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Tunajua sheria hiyo ilitungwa kwa nia gani. Waliovuka kutoka KADU miaka miwili nyuma hawakuambiwa warudi popote. Kuelekea kwenye mamlaka kuliitwa umoja, kuondoka kwenye mamlaka kukaitwa uasi. Hata hivyo, ndani ya sheria hiyo mbaya kulikuwa na wazo jema, kwamba mtu akibadili upande wake, wenye haki ya kuamua ni wananchi waliompa dhamana. Wazo hilo liko hata katika Katiba ya 2010, kifungu cha 103.

Linganisheni mwaka huo mmoja, 1966. Mbunge wa Nyanza anayehama chama anapewa sanduku la kura. Mfugaji wa Merti, ambaye hajahama popote, anapewa uzio wa miiba.

Utiifu wa kuthibitishwa kwa karatasi nao si mgeni kwetu. Katika uchaguzi wa 1957 Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila hati ya utiifu kutoka kwa maafisa wa serikali. Majirani zetu wa Meru wanaweza kuwasimulia. Hati hiyo ilipaswa kufa pamoja na ukoloni, lakini huku kaskazini ilibadilisha jina tu. Mwishoni mwa 1989 Wasomali wa Kenya waliagizwa wakachunguzwe uraia wao na kupewa kadi maalumu ya rangi ya waridi. Miaka yote iliyofuata, kijana wa Isiolo, Garissa au Moyale aliyetaka kitambulisho alilazimika kufika mbele ya kamati ya uchunguzi pamoja na baba, babu na chifu, akajibu maswali ambayo kijana wa Nyeri hajawahi kuulizwa. Wapo humu ndani waliochelewa kuingia chuo kikuu kwa ajili hiyo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza, akiwa kaskazini, kwamba uchunguzi huo wa ziada umekwisha. Kama tangazo hilo litadumu katika kila ofisi, ni jambo kubwa.

Vita vyenyewe viliishaje? Vilikwisha mbali na hapa. Tarehe 28 Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Haji Ibrahim Egal, walitia saini maelewano chini ya upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Biashara na ubalozi vikarudi. Wapiganaji walioahidiwa nchi moja ya Wasomali waliachwa porini na waliowapa bunduki. Nao waligeukwa, na waliowageuka walipigiwa makofi kwa busara yao. Hakuna mzee wa Garba Tulla wala wa Merti aliyekaa kwenye meza ya Arusha.

Kisha, mwaka 1970, Bunge likapitisha Sheria ya Kinga. Inasema kwamba hakuna ofisa wala askari atakayeshtakiwa kwa kitendo alichofanya kwa nia njema katika Jimbo la Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Jina la wilaya yetu limeandikwa mle ndani waziwazi. Nawaomba walimu wa historia na uraia muisome na wanafunzi, ni fupi, ukurasa mmoja au kurasa mbili. Huwezi kumpa askari kinga ya makosa ambayo hayakutendwa, kwa hiyo sheria hiyo ni ungamo, hata kama aliyeitunga hakukusudia hivyo.

Kuna wanaosema tuyaache haya. Lami imefika Moyale, kuna uwanja wa ndege, kuna kaunti yenye bajeti yake, kuna ndoto ya barabara na reli kutoka Lamu. Sipuuzi hata moja. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka nambari 10 uliosema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kule kwenye ardhi nzuri, mvua na barabara, ambako zitaleta faida haraka. Kwa hiyo kila kilomita ya lami kaskazini inavunja waraka huo, na nafurahi kuiona. Lakini barabara ni buusaa gonofaa ya nusu. Kwenye desturi yetu kwanza ukoo hukaa na kutaja hasara, mnyama kwa mnyama, mbele ya aliyepoteza. Zawadi huja baadaye.

Hasara hii ilitajwa mara moja. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Isiolo, ikasikiliza mashahidi, ikakabidhi ripoti Mei 2013. Vita vya shifta vimo, vijiji vimo, ngamia wamo. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafidia walioumia. Ripoti yenyewe Bunge halijaipitisha ili itekelezwe. Nimezungumza na kina mama Garba Tulla waliotoa ushahidi. Hawaulizi fedha kwanza. Wanauliza kama maneno yao yalifika Nairobi.

Kwa hiyo, vijana, ombi langu kwenu ni la kazi. Aliyekuwa na miaka 20 wakati uzio unajengwa Merti sasa ana miaka 80 hivi. Bado wapo wanaojua kisima gani kilifungwa, kambi ilianzia wapi, nani alikuwa na ngamia wangapi siku ya kwanza na wangapi siku ya mwisho. Wapo pia waliokuwa upande wa Kenya tangu siku ile tume ilipokaa chini ya mti, na hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote kilichowapata. Nendeni na simu zenu, rekodini sauti, kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kiswahili, lugha yoyote anayoona raha kuitumia. Andikeni jina la kisima na la ukoo. Maktaba ya kaunti iko tayari kuhifadhi kitu kama hicho. Msichelewe, maana mvua za masika zikianza, njia ya Merti haipitiki.